Petroli ya Goma si petroli ya Ngara: Lijue tangi la gari lako kabla ya kuvuka mpaka

Lipo neno moja dogo ambalo kila anayevuka mipaka yetu kwa gari anapaswa kulichunga kama anavyoichunga pasipoti yake. Neno hilo ni "petroli". Ukilitamka Ngara, ng'ambo ya daraja la Rusumo, mhudumu wa kituo cha mafuta atakuwekea mafuta yanayotumiwa na pikipiki na magari madogo. Ukilitamka Goma au Bukavu, atakuuliza dumu lako liko wapi, kwa sababu huko petroli ni mafuta ya taa. Na hapa kwetu Rwanda, bibi aliyeko kijijini akikutuma "peteroli", anataka ya kuwashia taa, si ya kuwashia gari.

Nimepita njia za mpakani kwa miaka mingi, mara nikiwa abiria, mara nikiwa nyuma ya usukani. Nimegundua kwamba wengi wetu tunaijua bei ya mafuta kuliko tunavyoyajua mafuta yenyewe. Tunajua upande gani yamepanda na upande gani yameshuka. Lakini ukimuuliza mtu gari lake linakula nini, tangi lake linabeba lita ngapi, au afanye nini akiwekewa mafuta yasiyo yake, anabaki kukuna kichwa.

Makala hii ni kwa ajili ya ndugu aliyerejea nyumbani kutoka Tanzania, Uganda, Kongo au Ulaya na kununua gari lake la kwanza. Ni kwa ajili pia ya mfanyabiashara anayekodi Hiace kufuata mchele Kahama au vitenge Goma. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mbele ya pampu ya mafuta, kutouliza kunaweza kugharimu injini, mzigo na hata maisha.

Lugha mbili, mafuta matatu

Chanzo cha mkanganyiko huu ni historia. Tanzania, Kenya na Uganda zilichukua majina ya mafuta kutoka Kiingereza. Kongo, Burundi na Rwanda ziliyachukua kutoka Kifaransa. Kiswahili kikajikuta kinasema mambo mawili tofauti kwa neno moja.

Mafuta yenyewe ni ya aina tatu:

Ya kwanza ni ya magari mengi madogo na pikipiki. Tanzania, Kenya na Uganda huitwa petroli. Kongo na Burundi huitwa esanse, na Wanyarwanda wengi husema lisansi. Kwenye vibao vya vituo vya upande wa Kifaransa utaona pia neno "super".

Ya pili ni ya malori, mabasi, matrekta na baadhi ya magari ya abiria. Tanzania, Kenya na Uganda huitwa dizeli. Kongo, Burundi na Rwanda huitwa mazutu.

Ya tatu ni mafuta ya taa, yanayowasha taa na majiko ya utambi. Haya ndiyo ambayo Kongo na Rwanda huitwa petroli au peteroli.

Upo mtego mwingine kwa ndugu waliorejea kutoka Marekani na Kanada. Kule walizoea neno "gasoline", ambalo ni petroli ya Ngara. Kwenye kituo cha Kongo wataona kibao kimeandikwa "gasoil", na macho yatawadanganya kwamba ni kitu kile kile. La hasha. Hiyo ni mazutu, yaani dizeli. Maneno yanafanana kama mapacha, lakini ukichanganya utalia.

Kuanzia hapa nitatumia maneno ya Tanzania na Kenya: petroli ni ile ya gari dogo, dizeli ni mazutu, na mafuta ya taa yatabaki mafuta ya taa.

Hatari iliyo ndani ya neno

Mtu anaweza kusema kwamba haya ni mambo ya lugha tu, yawaachie walimu. Hebu tutazame linalotokea mafuta yakikosea njia.

Petroli hutoa mvuke muda wote. Hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, bado hutoa mvuke wa kutosha kushika moto ukikutana na cheche. Mafuta ya taa hayako hivyo. Lazima yapate joto la nyuzi 38 hivi au zaidi ndipo mvuke wake ushike moto, na dizeli huhitaji joto kubwa zaidi ya hapo. Ndiyo maana taa ya utambi inaweza kukaa mezani usiku kucha bila kulipuka: mafuta yaliyo chini hayatoi mvuke wa kutosha kushika moto.

Sasa chukua mtu aliyekulia Goma akaolewa Ngara. Taa inakwisha, anamtuma mtoto na chupa: "Kaninunulie petroli." Mtoto anaenda kituoni na analetewa petroli kweli, ile ya pikipiki. Inamiminwa kwenye taa na kiberiti kinawashwa. Hapo haiwaki taa, inalipuka. Moto wa namna hii huwachoma walio karibu zaidi na meza, na mara nyingi hao ni watoto wanaosoma.

Kwa hiyo, wewe mwenye familia iliyotoka pande mbili za mpaka, anza na nyumba yako. Kila anayetumwa mafuta ajue kusema "mafuta ya taa", na kila chupa inusiwe kwa mbali kabla ya kumiminwa. Petroli ina harufu kali inayopanda puani mara moja, na tone lake mkononi hukauka upesi likiacha ubaridi. Mafuta ya taa huacha mkono una utelezi. Ukiwa na shaka, usiwashe.

Gari lako linakula nini?

Jina la gari halitoshi kukuambia mafuta yake. Chukua Toyota Hiace, kipenzi cha wafanyabiashara wa mpakani. Hiace mbili zinaweza kufanana rangi, viti na taa, moja ikala petroli na nyingine dizeli. Tofauti iko kwenye injini. Zenye injini za 2L, 3L, 5L, 1KZ au 1KD ni za dizeli. Zenye 1RZ, 2RZ, 1TR au 2TR ni za petroli. Herufi na namba hizo utazikuta kwenye kibati kilicho ndani ya boneti, na mara nyingi kwenye kadi ya gari.

Injini hizi mbili zinafanya kazi kwa njia tofauti. Ya petroli ina plagi zinazotoa cheche, na cheche ndiyo inayowasha mafuta. Ya dizeli haitegemei cheche. Inaibana hewa mpaka inapata joto kali, kisha mafuta yanapopulizwa humo yanashika moto yenyewe. Ndiyo sababu haziwezi kuazimana chakula.

Magari mengi yetu yametumika Japani kabla ya kufika huku. Ukifungua mlango mdogo wa tangi utakuta kibandiko chenye maandishi ya Kijapani, na hayo ndiyo maelekezo ya mafuta. Usiyaache hivyo hivyo. Siku unaponunua gari, muulize fundi unayemwamini aitazame injini, kisha andika kwa rangi isiyofutika kwenye mlango huo, kwa majina yote mawili: "DIZELI – MAZUTU" au "PETROLI – ESANSE". Kazi hiyo ni ya dakika tano, nayo itamsaidia dereva wako, mtoto wako na mhudumu wa nchi yoyote.

Usitegemee rangi ya mpira wa pampu. Rangi inayomaanisha dizeli katika nchi moja inaweza kumaanisha petroli katika nchi nyingine. Soma maandishi, na utamke.

"Mwanangu, nilisema mazutu"

Nilishuhudia jambo katika kituo kimoja cha mpakani ambacho sitakitaja. Iliingia Hiace yenye namba za Kongo, imebeba matenga ya nyanya. Dereva alishusha kioo akamwambia mhudumu, kijana mgeni katika kazi hiyo: "Weka mazutu, elfu hamsini." Pikipiki zilikuwa zikinguruma pembeni. Kijana yule, ambaye hakuwahi kulisikia neno mazutu, alisikia "mafuta tu". Akaitazama Hiace, akakumbuka kwamba Hiace za pale kijiweni zinakula petroli, akaweka petroli.

Mwenye mzigo, mama wa makamo, ndiye aliyegundua. Alishuka kulipa, harufu ikampanda puani. "Mwanangu, umeweka nini humu? Tulisema mazutu."

"Mama, nimeweka petroli. Si mlisema mafuta tu?"

Mama yule aligeuka akampigia dereva kelele: "Baba, usiwashe! Usiguse ufunguo!"

Kelele hiyo ndiyo iliyookoa gari. Hiace ilisukumwa kwa mikono hadi pembeni na fundi akaitwa. Tangi likafunguliwa chini na kumwagwa lote, likawekwa dizeli kidogo la kusuuzia, likamwagwa tena, ndipo likajazwa. Kazi ilianza saa tatu asubuhi na kwisha alasiri. Sehemu ya nyanya ilikwisha kulainika kwa jua na mama akauza kwa hasara. Ubishi wa nani alipe haukwisha mpaka naondoka. Lakini injini ilibaki salama.

Fundi mmoja wa Gatsata, hapa Kigali, alinieleza kwa nini kutowasha ni jambo kubwa namna hiyo. Dizeli ina utelezi, na pampu ya injini ya dizeli inalainishwa na mafuta hayo hayo inayosukuma. Petroli haina utelezi huo, bali huosha. Dakika chache za kutembea na petroli zinatosha kuvifanya vyuma vya pampu vikwaruzane, na vipande vidogo vya chuma husafiri hadi kwenye nozeli. Katika injini mpya za dizeli, zenye mgandamizo mkubwa sana, ukarabati wake unaweza kukaribia bei ya injini nyingine.

Dizeli likiingia kwenye gari la petroli, madhara huwa madogo zaidi, ingawa safari hukatika. Gari hutoa moshi, hutetemeka na kuzima, na plagi huchafuka. Dawa ni ile ile: mwaga tangi, safisha, badilisha chujio. Mafuta ya taa nayo si ya kuchezea. Kwenye gari la petroli hufanya injini igonge na kukosa nguvu. Kwenye dizeli hupunguza utelezi unaolinda pampu.

Hapo pana hila ya zamani. Wapo wauzaji waliochanganya mafuta ya taa kwenye dizeli ili wapate faida. Mwaka 2011 Tanzania ilipandisha sana ushuru wa mafuta ya taa, ikitaka kuiondoa faida hiyo. Nunua kwenye vituo vyenye pampu zilizokaguliwa, dai risiti, na iweke. Gari likikataa kwenda kilomita 10 mbele, risiti ndiyo shahidi wako.

Tangi ni zaidi ya dumu

Wengi hudhani tangi ni dumu tu lililofungwa chini ya gari. Kwa kweli ni chombo chenye viungo kadhaa.

Katika magari mengi madogo tangi liko nyuma, chini ya kiti cha abiria, mbali na joto la injini. Limetengenezwa kwa chuma au kwa plastiki ngumu. Corolla za miaka ya tisini hubeba lita 50 hivi, Hiace lita 70 hivi, na Land Cruiser nyingi za kazi lita 90 hivi. Pikipiki nyingi za abiria hubeba lita zipatazo 10. Ijue namba ya gari lako. Ukiona risiti inakudai lita 60 kwa tangi la lita 50, utajua kuna jambo.

Ndani ya tangi mna boya linalopanda na kushuka na mafuta, nalo ndilo linaloiongoza geji iliyo mbele ya dereva. Katika nchi ya milima kama yetu, geji hudanganya. Ukipanda mlima, mafuta hukimbilia nyuma. Ukishuka, hukimbilia mbele. Soma geji ukiwa tambarare. Taa ya akiba ikiwaka, katika magari mengi madogo huwa zimebaki lita 5 hadi 10, lakini kwenye mteremko mkali kiasi hicho kinaweza kuukimbia mdomo wa pampu, ikavuta hewa na gari likazima ukiwa kwenye kona.

Magari mengi ya petroli ya kisasa yana pampu ya umeme ndani ya tangi. Pampu hiyo hupozwa na mafuta yanayoizunguka. Dereva mwenye tabia ya kutembea na akiba kila siku anaipika pampu yake polepole. Aidha, tangi lililo tupu lina nafasi kubwa ya hewa. Usiku wa baridi unyevu wa hewa hiyo hugeuka matone ya maji, na maji, kwa kuwa ni mazito kuliko mafuta, hukaa chini kabisa ambako pampu hunyonya. Robo ya tangi iwe ndiyo sifuri yako.

Kwenye gari la dizeli, maji ni adui mkubwa zaidi. Mengi yana chombo cha kutenganisha maji karibu na chujio, chenye kiziba cha kukifungulia chini. Mwombe fundi akuonyeshe, na ukifungue kila baada ya muda, hasa kama umenunua mafuta ya dumu.

Kifuniko nacho kina kazi. Kinazuia vumbi, mvua na mvuke, na pamoja na njia ndogo ya hewa kinalisaidia tangi kupumua. Njia hiyo ikiziba, mafuta yanapopungua ndani, hewa haiingii na gari huzima kana kwamba limeishiwa. Kifuniko kikipotea, usizibe kwa kitambaa au mfuko wa plastiki kama tunavyoona barabarani. Nunua kingine.

Mbele ya pampu

Sasa tujaze. Kwanza, ujue tangi liko upande gani. Kwenye magari mengi, karibu na picha ndogo ya pampu iliyo kwenye geji, kuna alama ya pembetatu. Inakoelekeza ndiko lilipo tundu la tangi.

Pili, zima injini na sigara. Weka simu chini, uwe na macho kwenye kazi moja. Kama ni gari la abiria, washuke. Abiria 14 waliobanana hawawezi kutoka kwa sekunde tano moto ukitokea. Najua makondakta wanalalamika kwamba wanachelewa, lakini kuchelewa hakuchomi.

Tatu, fungua kifuniko polepole, hasa mchana wa jua kali. Mvuke uliobanwa ndani utatoa sauti ya "fsss". Ukifungua kwa pupa unaweza kukurushia mafuta usoni.

Nne, tamka jina la mafuta kwa maneno mawili, mhudumu arudie, kisha itazame pampu. Namba zianze kwenye sifuri. Nimeona mara kadhaa mteja akiitwa pembeni kwa mazungumzo matamu huku pampu ikianzia pale alipoishia mteja wa kwanza.

Tano, mpira ukikata wenyewe, acha. Mdomo wa bomba una tundu dogo la hewa. Mafuta yakipanda na kuliziba, bomba hujifunga. Hiyo ni ishara kwamba tangi limejaa kwa kiasi chake. Wengi husema, "Ongeza kidogo, nijaze mpaka shingoni." Hapana. Petroli hutanuka kwa joto: lita 50 zikiongezeka joto kwa nyuzi 10, hutanuka kwa karibu nusu lita. Ukijaza shingoni alfajiri ya baridi ya Kigali na ukafika bondeni saa saba mchana, nusu lita hiyo itatafuta pa kutokea.

Dumu ni jaribu

Najua wapo watakaosema kwamba mafuta ya kituoni ni ya wenye bahati. Tangu mwaka 2021 ndugu zetu wa Burundi wamepitia vipindi virefu vya uhaba, magari yakilala kwenye foleni, na wengi wakakimbilia madumu. Sitawahukumu. Lakini dumu la petroli ndani ya gari ni hatari inayosafiri nawe.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hautoki dirishani. Huteremka na kutambaa sakafuni hadi ukutane na cheche ya swichi au ya sigara. Kama huna budi kubeba, tumia chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya mafuta, kisichovuja na chenye kifuniko cha kubana. Usikijaze hadi juu. Wakati wa kujaza, kiweke chini ardhini. Usikijazie juu ya pikipiki wala ndani ya buti, kwa sababu msuguano wa mafuta yanayotiririka huzalisha umeme, na ardhi ndiyo inayoupokea. Usikiweke ndani ya chumba wanacholala watu, hata kwa usiku mmoja.

Na forodha wana neno lao. Mafuta yaliyo ndani ya tangi la gari ni ya safari. Yaliyo kwenye madumu huhesabiwa kuwa bidhaa. Muulize ofisa kabla ya kuvuka, si baada ya kukamatwa.

Lipo jambo ambalo sitachoka kulirudia. Lori la mafuta likianguka, kimbia kwenda mbali. Tarehe 2 Julai 2010, lori lilipinduka Sange, kwenye barabara ya Uvira kwenda Bukavu. Watu walikusanyika, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 200 wakafa. Tarehe 10 Agosti 2019 ilikuwa zamu ya Morogoro, Tanzania, ambako waliokufa walizidi 100. Mwanzoni mwa mwaka 2009, kabla ya yote mawili, Sachangwan nchini Kenya ilikwisha kuzika zaidi ya watu 100 kwa sababu hiyo hiyo. Maji yakimwagika hayazoleki, na petroli iliyomwagika haizoleki pia. Hakuna ndoo ya mafuta yenye thamani ya kaburi.

Hesabu ya mfanyabiashara

Nimalizie na hesabu, maana msomaji wangu wa mpakani hataki maneno matupu.

Dereva wengi huweka mafuta ya elfu kadhaa kila wanaposimama, na mwisho wa mwezi hakuna anayejua gari limekula nini. Fanya hivi. Jaza tangi mpaka mpira ukate. Andika namba ya kilomita. Tembea kama kawaida. Ukirudi, jaza tena kwenye pampu ile ile mpaka ikate, na uandike lita zilizoingia. Kama umetembea kilomita 320, yaani Kigali hadi Rusumo na kurudi, na zimeingia lita 32, gari lako linatembea kilomita 10 kwa lita moja.

Ukiijua namba hiyo, mambo matatu yanakuwa wazi. Utajua gharama halisi ya kila gunia unalosafirisha. Ukikodi gari la mtu, utajua kama dereva anakuambia kweli. Na namba ikishuka ghafla kutoka 10 hadi 7, utajua kwamba kuna tatizo: tairi hazina upepo, chujio limeziba, tangi linavuja, au kituo ulichozoea kimebadilisha tabia.

Ukinunua katika nchi mbili, linganisha kwa lita, si kwa noti. Noti ya shilingi na noti ya faranga hazilingani, na bei hubadilika. Lita ni lita pande zote za mto Akagera. Ukiona mafuta ni nafuu upande wa pili, toa kwanza gharama ya kwenda huko. Mara nyingi nafuu yote huishia kwenye kilomita za kuifuata.

Basi safari ijayo, kabla hujashusha kioo, kumbuka uko nchi gani. Sema jina la kule uliko na la kule ulikotoka: "dizeli, mazutu" au "petroli, esanse". Mwonyeshe mhudumu maandishi ya kwenye mlango wa tangi. Tazama sifuri. Na ukisikia harufu usiyoitegemea, acha ufunguo mahali ulipo na uulize kwanza. Safari njema.